Simu Aliyoikata Bua

Kama kuna mtu ambaye Buaphan hakutaka kumwona asubuhi ile, ni Khamsing. Na kama kuna mtu aliyekuwa akimngoja tangu kulipopambazuka, nywele kachana mara tatu na blauzi kabadili mara mbili, ni huyo huyo Khamsing. Mapenzi yana vituko vyake, na mwenye kubisha hajapenda.

"Anakuja," alisema Bibi Phuang akiwa dirishani, tambuu imejaa shavuni. "Sasa hivi yuko kwa mwalimu mkuu. Amepiga magoti mpaka suruali nyeupe imekuwa tope tupu. Mama yake yuko nyuma na mwavuli."

"Bibi, toka hapo dirishani. Watu watasema."

"Watu wamesema miaka mitatu, Bua. Leo ndio watanyamaza kwa ajili ya kichwa changu?"

Bua alikunjua mkeka mpya wa matete aliousuka kwa mikono yake mwenyewe, akaukunja, akaukunjua tena.

Alasiri hiyo Khamsing angenyolewa nywele na nyusi zake zote, na kesho yake avikwe joho la njano, aingie utawa kwa miezi mitatu ya mvua, ili thawabu zake zimfikie marehemu baba yake. Na hakuna kijana wa mkoa huu wa Roi Et anayeingia hekaluni na madeni ya moyo. Kabla ya kunyolewa huzunguka nyumba kwa nyumba na sinia la maua, mishumaa na udi, akapiga magoti mbele ya kila aliyemkosea. Husema: kwa mwili, kwa kauli na kwa nia, kwa kujua na kwa kutojua, nimekukosea, unisamehe. Na anayeombwa naye ana jibu lake, lile lile kwa wote, hata watoto wanalijua: nimekusamehe, na mimi nikiwa nimekukosea, unisamehe.

Jibu hilo ndilo lililokuwa limemkosesha Bua usingizi. Maana lilikuwa na nafasi ya kujificha. Angeweza kulisema kama wengine wote, kichwa kainamisha, na Khamsing angeitikia, na kosa lake lingesamehewa bila kutajwa jina. Siku nzima iliyopita alikuwa akijiambia kwamba hiyo nayo ni toba. Alijiambia hivyo akisuka, akajiambia akila, na hakuamini.

"Hodi humu ndani," sauti ya Mama Lamduan iliita kutoka ngazini. "Bua, mwanangu, umekonda. Mtawa ni huyu, lakini anayefunga ni wewe?"

"Karibuni, Mama. Karibu, Kaka Sing."

Akainua macho, na hapo akajuta. Khamsing alikuwa amesimama mlangoni, mrefu vile vile, mwembamba kuliko zamani, na nywele zake nyingi zikimwangukia paji la uso kwa mara ya mwisho. Walitazamana. Haikuwa kitambo kirefu, lakini Bibi Phuang alipata nafasi ya kukohoa mara mbili.

"Habari za siku nyingi, Bua."

"Nzuri, Kaka."

"Uongo mtupu," alisema Bibi Phuang. "Kaeni."

Mama Lamduan akaketi kando ya mlango na kumsogezea Bua kikapu cha wali wa kunata, bado wa moto. Alifanya hivyo siku zote hekaluni, kila siku ya ibada, na kila mara Bua alipopokea alijiona mwizi. Kwani huyu ndiye mama aliyewahi kusema mbele ya watu, pale kisimani, kwamba mwanawe hataoa mwanamke aliyeachika Bangkok hata kama wanawake wote wa mkoa wamehama. Ndiye aliyekuwa akimpigia mwanawe simu kila alipojua yuko na Bua, mara ng'ombe kapotea, mara kichwa kinamuuma.

Kisha Mama akafiwa na mumewe, Khamsing akakimbilia mji wa Rayong kufanya kazi kiwandani na kunywa pombe, na wanawake wawili wakabaki kijijini, kila mmoja na chake. Bua alianza kwenda hekaluni kwa sababu nyumbani alishindwa kukaa. Alifagia majani uani. Alijifunza sala ndefu ambazo hakuwahi kuzishika utotoni. Siku ya ibada alivaa nyeupe, akakaa mstari wa nyuma, na maji yalipomiminwa polepole kwenye bakuli kuwapelekea wafu thawabu, yeye aliyamimina kwa jina la baba yake Khamsing. Hakutegemea furaha. Lakini ilimjia humo humo, asubuhi moja, bibi mmoja alipopiga chafya katikati ya sala na mstari mzima wa wazee ukatetemeka kwa kicheko cha kuzuia. Bua naye akacheka, na alipogeuka, aliyekuwa akicheka upande wa pili ni Mama Lamduan. Siku hiyo hiyo mama akamsogezea kikapu cha wali. Tangu hapo wakawa wanakaa pamoja, wanatwanga pamoja, wanaambiana ndoto. Bua hakuwahi kuwa na mama tangu akiwa na miaka saba. Sasa alikuwa naye, na alikuwa amempata kwa kunyamaza.

"Haya, mwanangu," Mama Lamduan alimwambia Khamsing. "Nyumba bado kumi na moja, na mvua hiyo inakuja. Piga magoti."

Khamsing akapiga magoti. Akaweka sinia mkekani kati yake na Bua, akaunganisha viganja. Mikono yake ilikuwa na makovu ya kiwandani ambayo Bua hakuyajua.

"Kabla sijasema yale ya wote," alisema, "nina yangu ya kusema. Mama yupo, Bibi yupo, sioni haya. Bua, nilikuacha vibaya. Nilikuacha kituo cha basi na mwavuli mkononi, sikukuambia hata kwaheri. Uliniandikia, sikujibu. Ulipiga, sikupokea. Ni kwamba kila nikikukumbuka nilikumbuka siku ile tulipokwenda Yasothon."

"Kaka, usiseme hayo."

"Niache niseme, yamenikaa kooni. Baba aliita jina langu tangu saa saba mpaka saa tisa. Daktari ndiye aliyeniambia. Na mimi niko kwenye sherehe ya fataki, nakula aiskrimu. Njia nzima ya kwenda, kwenye basi, nilicheza gemu kwenye simu mpaka betri ikaisha. Gemu, Bua. Baba yangu anakufa, na mimi nimemaliza betri kwa kupanga matunda rangi rangi. Nimekunywa pombe miaka mitatu, ile gemu haitoki kichwani."

Bua alishika ukingo wa mkeka.

"Mtawa mkuu ameniambia niubebe mzigo huo mpaka mbele ya sanamu, nikautue pale," aliendelea Khamsing. "Nitautua. Na nikitoka baada ya mvua..." Akasita, akamwangalia mama yake.

"Sema, mbona unanitazama mimi? Mimi ndiye nitakayeoa?" Mama Lamduan alicheka, kisha akamgeukia Bua, na sauti yake ikalainika. "Mto wa kwenda nao hekaluni nimeushona mwenyewe, pamba mpya. Najua niliyoyasema kisimani, mwanangu, na nayajutia. Kesho kwenye msafara nataka uubebe wewe."

Bibi Phuang aliacha kutafuna. Kijiji chote kinajua maana yake: joho hubebwa na mama, na mto hubebwa na yule atakayemngoja. Msichana akiubeba mto mbele ya watu, amekwisha kuposwa, hata kama mahari haijatajwa.

Miaka mitatu Bua alikuwa ameomba neno hilo. Aliliomba kwa udi, kwa maua, kwa ufagio. Sasa lilikuwa limekuja lenyewe mpaka nyumbani, limepiga magoti, na lilichotaka kwake ni sentensi moja tu ambayo hata watoto wanaijua.

"Kwa mwili, kwa kauli na kwa nia," Khamsing alianza, kichwa kikishuka mpaka karibu na miguu yake, "kwa kujua na kwa kutojua, nimekukosea, unisamehe."

Bua aliunganisha viganja, kisha akavitenganisha.

"Bua," alinong'ona Bibi Phuang. "Jibu."

"Nimeku..." Bua alianza, akakwama. Aliona kisogo cha Khamsing, nywele zinazokwenda kunyolewa, na akaelewa kwamba kesho kisogo hicho kitainama mbele ya sanamu kutubu kosa ambalo si lake. Atafunga kwa ajili ya kosa hilo. Ataamka alfajiri miezi mitatu kwa ajili yake. Na yeye Bua atakuwa mstari wa nyuma, amevaa nyeupe, anaangalia.

Bua akatoka mkekani, akashuka kwenye sakafu tupu. Akalishika sinia kwa mikono miwili na kuligeuza, mishumaa ikamwelekea Khamsing, kisha akapiga magoti na kushusha kichwa chini kuliko chake.

"Bua, unafanya nini?" Khamsing aliinuka nusu. "Haifanywi hivyo."

"Betri haikuisha."

"Nini?"

"Betri ya simu haikuisha, Kaka Sing. Ulinipa nikuwekee kwenye mkoba wangu ukaenda kununua kuku wa kuchoma. Ikaita. Nikaona jina la Mama. Nikasema moyoni, leo tena, hata leo hawezi kuniachia mtu wangu saa moja. Nikaikata. Ikaita tena, nikaikata tena na kuizima kabisa. Jioni kwenye basi ulipolala niliiwasha nikafuta alama zote za simu zile. Ulipoiomba, niliizima tena nikakupa, nikakuambia imekufa."

Alisema yote akikiangalia kitambaa kilichotandikwa kwenye sinia, maana angeinua macho asingemaliza.

"Sikujua," alisema. "Naapa sikujua ni baba. Lakini tuliposhuka na kuwakuta watu wamekaa uani kwenu nilijua, na nikanyamaza. Nikawapa wageni maji. Nikakusikia unalia kuhusu gemu, nikanyamaza. Nikala wali wa Mama mwaka mzima, nikanyamaza."

Khamsing alikuwa ameketi juu ya visigino vyake. Uso wake haukuwa na hasira bado. Ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Uliniona nikijipiga kichwa ukutani," alisema taratibu. "Siku ya tatu ya msiba. Wewe ndiye uliyenishika."

"Ni mimi."

"Ukaniambia, si kosa lako, Sing."

"Ndilo neno la kweli pekee nililokuambia."

"Usinifanyie maneno, Bua." Sauti ilipanda, kisha ikavunjika. "Miaka mitatu. Nilikuwa nakunywa mpaka nalala barabarani. Ungeniandikia mstari mmoja tu. Mmoja. Uliandika barua saba, za kuniuliza kama nakula."

Bua alisikia mvua ikianza kwenye mabati, na Bibi Phuang akitema tambuu kwenye kopo, na ndipo Mama Lamduan akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ambayo hakuna aliyeitambua:

"Iliita mara ngapi?"

"Mama?"

"Mara ya kwanza. Kabla hujaikata. Iliita mara ngapi?"

"Mara mbili, Mama. Labda tatu."

"Mara mbili," alisema Mama Lamduan. "Nami nilihesabu. Nimesimama kwenye veranda ya hospitali, sikio limebana kwenye simu. Mara mbili, ikakatwa. Nikapiga tena, mara moja, ikakatwa." Alikuwa anamwangalia mwanawe, machozi yanateremka bila kufutwa. "Simu iliyokufa betri haiiti, Sing. Ulipolia ukasema betri, nilijua ni uongo. Lakini nilidhani uongo ni wako."

Khamsing aligeuka. "Mama, ulidhani mimi..."

"Nilidhani umeliona jina langu ukasema, huyu bibi kizee na ng'ombe wake. Kwa sababu nilikuwa nimekudanganya na ng'ombe mara nyingi mno. Nikasema moyoni, haya ni malipo yangu, lakini baba yake alikosa nini? Miaka mitatu nimekungoja, nimekupokea uliporudi, nimekupikia, nimekufulia, na kila nikikutazama nasema: huyu alinikatia. Sikumwambia mtu. Hata joho lako nimelinunua nikiwa bado sijakusamehe. Mtu gani anampeleka mwanawe utawani na kinyongo kama hicho?"

Khamsing alisota kwa magoti mpaka mlangoni. Mama yake akamshika kichwa chote kwa mikono miwili, akakibana kifuani, na kulia kwa sauti bila kujali nyumba ya jirani. Kesho asingeweza kumgusa hata ncha ya joho. Mwanamke hamgusi mtawa, awe mama yake mzazi. Leo alikuwa bado wake, na alimshika kwelikweli.

Bua aliwaangalia. Alijua kwamba hapo hapaswi kuwapo, akaanza kusogea kuelekea jikoni. Kitu kikubwa kilikuwa kinafunguka mbele yake, kizuri, na yeye ndiye aliyekuwa amekifunga.

Muda mrefu ukapita kabla Mama Lamduan hajajifuta uso kwa ncha ya saruni. Alipozungumza hakumwita mwanangu.

"Bua. Sina la kukuambia leo. Nikisema sasa nitasema baya, na kesho ni siku ya kheri. Mto ataubeba Noi, binti wa dada yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Watu watauliza."

"Waambie ni kwa sababu yangu."

Khamsing alisimama. Alilichukua sinia, akalitazama kana kwamba hakumbuki lilikuwa la kazi gani, akatoka nalo kwenye mvua bila kupokea jibu lake na bila kutoa lake. Mama yake akamfuata na mwavuli ambao hakuufungua.

Bibi Phuang alirudishia mlango, mvua isiingie. Kisha akauliza, "Unajisikiaje?"

"Vibaya, Bibi. Vibaya sana."

"Na nini tena?"

Bua alifikiri. "Ninapumua."

"Basi pumua ukivaa. Saa tisa wanakata nywele, na hakuna mwanamke wa nyumba hii atakayejifungia ndani wakati wenzake wanamenya papai. Wakikutukana, utatukaniwa hukohuko kazini."

Hawakumtukana, maana walikuwa bado hawajui. Bua alijiweka nyuma kabisa ya turubai, karibu na masufuria, akaponda pilipili mpaka mikono ikawaka. Mbele, Khamsing alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, nguo nyeupe, jani kubwa la yungiyungi limewekwa mapajani kupokea nywele. Watu walipanga foleni: mama, wajomba, shangazi, mwalimu mkuu, kila mmoja akikata kishungi kimoja na kusema neno la baraka. Wengine walitania. Mtawa mzee alisimama kando akiwa na wembe, tayari kumaliza kazi.

"Wote wamekwisha?" aliuliza mtawa.

"Bado mmoja," alisema Khamsing.

Hakugeuza kichwa wala kutaja jina. Lakini Mama Lamduan aliondoka kwenye kiti chake, akapita kati ya mikeka na masinia, mpaka penye masufuria. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinyoosha mkono wenye mkasi, mpini ukimwelekea Bua, akangoja.

"Nanuka pilipili, Mama."

"Basi usimguse macho."

Bua alitembea. Alisikia minong'ono na hakuijali. Alipofika nyuma ya kiti, Khamsing alikuwa amefumba macho.

"Sijakusamehe," alisema chini chini, kwa ajili ya sikio lake tu.

"Najua, Kaka."

"Nimejaribu tangu asubuhi. Nimefika mahali fulani nimekwama."

"Usijilazimishe."

"Nyamaza nimalize, mtawa anangoja. Uliniibia miaka mitatu. Na asubuhi ulikuwa na kila kitu mkononi, mto, mama, mimi, na ungeweza kukaa kimya tu. Mimi nisingejua mpaka nakufa, lakini ulisema. Hilo nalo nimelipiga hesabu, halilingani na lile jingine. Kwa hiyo sina jibu. Humo ndani nitamwombea baba kila siku. Na wewe nitakuombea, hata siku nikiwa na hasira. Hasa siku hizo. Nikitoka nitakuja nikujibu. Utangoja?"

"Nitangoja."

"Hata jibu likiwa baya?"

"Hata likiwa baya, Sing."

"Basi kata. Shingo inaniuma."

Bua alishika kishungi cha juu ya paji, kile kilichokuwa kikimwangukia usoni tangu siku ya kwanza alipomwona, lakini mkasi ukakata hewa tupu. Hapo akahisi vidole vya Mama Lamduan vikimshika kifundo cha mkono, vigumu, visivyo na upole, vikiuongoza. Mkasi ukafunga. Nywele zikaanguka kwenye jani. Mama hakuuachia mkono, na Bua akalia pale pale mbele ya kijiji kizima, uso wazi, bila kutafuta mahali pa kuuficha.